Jasho la Kiganja si Kauli ya Moyo

Makambako ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na mpaka wa Zambia hukutana hapo na barabara iendayo kusini, Njombe na Songea. Na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, ina stesheni yake mjini humo. Malori hulala hapo, madereva hula hapo, na habari za pande zote hupokelewa hapo na kupelekwa pande zote. Mtu wa Visiwani aliyezoea upepo wa bahari, akishuka Makambako usiku wa mwezi wa Julai, hutambua mara moja kwamba koti si pambo.

Usiku mmoja wa namna hiyo nilikuwa nimeketi katika mgahawa mdogo karibu na stendi, nikingoja kupambazuke nipate gari la kwenda Njombe, mwendo wa kilomita 60 hivi. Redio ilikuwa juu ya kabati. Ilipokwisha taarifa ya habari likafuata tangazo juu ya Ukimwi: sauti nzito ya mwanamume, muziki wa huzuni, na kwa mbali kilio cha mtoto. Dereva mmoja wa lori akacheka. Akanigeukia, nadhani kwa sababu ya kofia yangu, akasema: "Shehe, hayo tumeyasikia tangu tuko shule ya msingi. Hayatutishi tena." Utingo wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, hakucheka wala hakusema neno. Alikishika kikombe chake cha chai kwa mikono miwili, akakitazama mpaka tangazo likaisha.

Ndugu msomaji, kati ya wawili wale ni yupi aliyeguswa? Yamkini dereva alicheka ili aifiche hofu yake. Yamkini utingo hakusikia hata neno moja, alikuwa akipasha vidole joto na kuwaza usingizi. Wahenga walisema moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Lakini mtumishi wa umma anayetia sahihi ili fedha za wananchi zikalipie matangazo ya redio hana budi kuingia katika msitu huo, maana ana wajibu wa kujua kama maneno aliyoyalipia yamefika mahali popote.

Na katika mkoa wa Njombe swali hili ni la uhai na kifo. Utafiti wa taifa wa mwaka 2011 hadi 2012 ulikuta kwamba asilimia 14.8 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani humo walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi, kiwango kilichopita cha mikoa mingine yote. Utafiti wa mwaka 2022 hadi 2023, uliohesabu watu wote kuanzia miaka 15, ulikuta asilimia 12.7, hali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Kwetu Visiwani kiwango hukaa karibu na asilimia 1 au chini yake, jambo la kushukuru. Lakini bahari si ukuta, na kinachojadiliwa hapa kuhusu Njombe ni funzo kwa kila anayeandika, anayetangaza na anayetawala.

CHOMBO KINACHOULIZA NGOZI

Iko njia ya utafiti inayosifiwa ulimwenguni kwamba humwacha mtu na ulimi wake, ikauuliza mwili wenyewe. Kwa lugha yetu twaweza kuiita upimaji wa upitishaji umeme wa ngozi. Msingi wake ni mwepesi. Binadamu ana tezi za jasho mwili mzima, na zimesongamana zaidi viganjani na nyayoni. Tezi za viganjani hazifuati sana joto la jua; hufuata zaidi hali ya nafsi. Huongozwa na tawi la mishipa ya fahamu lisilotii hiari yetu, lile lile linaloukimbiza moyo wakati wa hatari. Mtu akishtuka, akifurahi mno, akiona haya au akisikia jina lake likitajwa ghafla, tezi hizo hujaza vijifereji vyake jasho hata kabla jicho halijaona unyevu wowote.

Jasho ni maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Basi mtafiti hufunga vibati viwili vidogo katika vidole viwili vya mkono mmoja, hupitisha umeme hafifu wa kiasi cha nusu volti ambao mtu hausikii, kisha chombo huandika ni kwa wepesi gani umeme ule umepita. Kipimo chake huitwa maikrosimensi. Likitokea jambo la kugusa, mstari wa chombo hupanda baada ya sekunde 1 hadi 3, kisha huteremka taratibu. Mtu huweza kuuzuia uso wake usikunjamane na ulimi wake usiseme, ila kiganja hakizuiliki kwa urahisi.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1888 daktari Mfaransa Charles Féré alieleza jinsi umeme upitao mwilini unavyobadilika mtu anapochochewa na sauti, harufu au taa. Mwaka 1890 Ivan Tarchanoff, aliyekuwa akifundisha huko Urusi, alionyesha kwamba ngozi yenyewe ina umeme wake unaobadilika pamoja na hali ya nafsi. Baadaye kipimo hiki kiliunganishwa katika mashine za Marekani zinazodaiwa kufichua uongo, na huko kikapata sifa kubwa kuliko ilivyostahili.

Kwa mambo ya vyombo vya habari, kazi ya mwanzo iliyo mashuhuri ilichapishwa mwaka 1933. Wendell Dysinger na Christian Ruckmick wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwafunga watoto, vijana na watu wazima vibati vidoleni, wakawaonyesha sinema. Watoto wadogo walitikiswa zaidi na picha za hatari na mapigano. Vijana waliokaribia umri wa miaka 16 walitikiswa na picha za mapenzi. Na watu wazima wakatulia kuliko wote, kwa kuwa walikwisha kujua kwamba ile ni picha. Hivyo sinema ilikuwa moja na ukumbi mmoja, na viganja vikasema mambo mbalimbali kwa kadiri ya umri wa wenye viganja.

MSIMULIZI NA MTAZAMAJI

Jaribio linalotufaa zaidi sisi wa kazi ya maneno lilitangazwa mwaka 1964. Richard Lazarus na wenzake wa California walichukua filamu isiyo na sauti, iliyoonyesha jando la wenyeji asilia wa Australia likifanywa kwa jiwe lenye makali. Kundi moja la watazamaji liliionyeshwa kimya kimya. Kundi la pili lilisikia msimulizi akisisitiza maumivu na hatari. Kundi la tatu liliambiwa kwamba vijana wale hawaumii bali wamefurahi. Kundi la nne lilisikia maelezo makavu ya kitaalamu, kama ya mwalimu anayesoma daftari. Macho ya makundi yote yaliona picha zile zile. Lakini ngozi za waliosikia habari ya maumivu zilipitisha umeme zaidi, na ngozi za waliosikia maelezo ya kutuliza au ya kitaalamu zilitulia.

Msomaji atakumbuka vibanda vyetu vya video, vilivyoenea mijini na vijijini. Filamu inatoka Hong Kong, India au Nigeria, na msimulizi wetu anaiwekea Kiswahili juu yake. Lufufu alijipatia jina nchi nzima kwa kazi hiyo. Kijana wa Makambako anayetazama filamu ya namna hiyo huona picha ya mgeni kwa sauti ya jirani. Msimulizi akisema, "Sasa hapa anakufa mtu," ukumbi wote hukaza pumzi kabla upanga haujainuliwa. Jaribio la mwaka 1964 linatueleza kwa nini. Tukio peke yake haliamui mwili utikisike kiasi gani. Anayelisimulia ana sehemu kubwa. Hii ni amana nzito kwa mtangazaji wa redio, kwa mhariri, na kwa kiongozi anayesimama jukwaani.

Hali kadhalika, mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Stuart Soroka na wenzake, uliopima ngozi na mapigo ya moyo ya watu 1,156 katika nchi 17 walipokuwa wakitazama habari za televisheni. Ilionekana kwamba, kwa wastani, habari mbaya huuamsha mwili kuliko habari njema. Sisi wa magazeti tusijifanye hatukulijua hilo. Ndiyo maana ajali hukaa ukurasa wa mbele na mavuno mema hukaa ukurasa wa sita. Lakini watafiti wale walisema pia jambo ambalo husahauliwa na wanaowanukuu: tofauti baina ya mtu na mtu zilikuwa kubwa, na wako wengi ambao habari mbaya haikuwaamsha zaidi ya habari njema. Kwa hiyo mhariri hana haki ya kusema kwamba wananchi wote wanataka damu.

Katika nchi zile 17, za Afrika kusini ya Sahara zilikuwa mbili tu: Ghana na Senegali. Tanzania haikuwamo, wala jirani yetu yeyote wa Afrika Mashariki. Tukitafuta kipimo cha karibu nasi zaidi, tunapelekwa katika misitu ya kaskazini ya Kongo-Brazzaville, ambako watafiti kutoka Kanada waliwapima Wambenzele 40, watu wa jamii ya Mbilikimo, wakawalinganisha na Wakanada 40. Wote walisikilizishwa vipande 19 vya muziki, 11 vya nchi za Magharibi, vikiwamo vya filamu, na 8 vya Wambenzele wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Miili ya pande zote mbili ilikubaliana juu ya muziki upi unachangamsha na upi unatuliza. Ila walipoulizwa kama hisia iliyowajia ilikuwa njema au mbaya, hawakukubaliana. Muziki ambao Mkanada aliuita wa huzuni, Mmbenzele hakuuona hivyo, kwa kuwa kwao muziki ni wa kuiondoa huzuni.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Chombo kinajua kwamba mtu ametikisika. Hakijui kama ametikiswa na hofu, furaha, hasira, aibu au tamaa. Mstari wa bibi harusi na mstari wa mshtakiwa anayesubiri hukumu huweza kufanana. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: chombo kitaandika mshtuko wake vizuri kabisa, lakini hakitaandika kwamba ule ulikuwa unyasi.

MKONO WA MKULIMA WA NJOMBE

Sasa tuseme mtafiti anafika Njombe na sanduku lake. Jambo la kwanza litakalompinga ni hali ya hewa. Mji wa Njombe uko juu ya nyanda zinazokaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai baridi ya usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Upimaji huu unataka chumba chenye joto la wastani. Vidole vikipoa, tezi hulegea na mstari hulala. Mtafiti asiye na hadhari atarudi kwao na kuandika kwamba watu wa Njombe hawana hisia, kumbe walikuwa na baridi.

La pili ni mkono wenyewe. Watu wa Njombe huchuma chai, hulima viazi na mahindi, hupasua mbao. Ngozi yenye sugu haipitishi umeme kama ngozi laini ya mwanafunzi wa chuo kikuu, na wanafunzi wa chuo ndio waliojenga sehemu kubwa ya elimu hii. Mtu aliyetoka kunawa kwa sabuni naye hupimika tofauti na ambaye hajanawa. Kwa mwananchi anayetawadha mara tano kwa siku, au mama ntilie ambaye mikono haitoki majini, hayo si mambo madogo.

La tatu ni zito zaidi. Tafiti kadhaa za Marekani zimekuta kwamba Wamarekani weusi, kwa wastani, huandikwa viwango vya chini vya upitishaji umeme kuliko weupe. Tena ilikuwa ada ya watafiti wengi kuwatoa katika hesabu watu ambao mistari yao haikupanda, wakiwaita wasioitikia. Wako wataalamu wanaoonya sasa kwamba kwa ada hiyo watu weusi waliondolewa kwa wingi kuliko wengine, kisha matokeo yakatangazwa kana kwamba ni ya binadamu wote. Ofisa wetu akiletewa ripoti yenye michoro mizuri, swali lake la kwanza na liwe hili: ni watu wangapi waliopimwa, na ni wangapi walioachwa, na kwa nini?

Na la nne ni mazoea. Mwili ukisikia jambo lile lile mara kwa mara huacha kulishtukia. Dereva wetu wa Makambako alilisema hilo bila kufungwa kibati: "Tumeyasikia tangu tuko shule ya msingi." Huenda ulimi wake na kiganja chake vingekubaliana. Lakini mtu kutoshtuka si dalili kwamba hajui. Daftari la hesabu halimshtui karani, na bado analisoma kila siku.

HOFU ISIYO NA NJIA

Yuko atakayesema: basi tuongeze ukali wa tangazo, tutie picha za makaburi, mpaka hata dereva yule kiganja chake kilowe. Mawazo haya yalitawala matangazo mengi ya Ukimwi katika miaka ya 1980 na 1990. Mtaalamu wa mawasiliano Kim Witte, aliyeandika nadharia yake mwaka 1992, alionyesha udhaifu wake. Mtu akitiwa hofu na papo hapo akaonyeshwa njia anayoweza kuifuata, huishughulikia hatari. Akitiwa hofu bila kuonyeshwa njia, huishughulikia hofu yenyewe: huikana, huicheka, humlaumu msemaji, au huzima redio. Witte na wenzake walikwenda kuyachunguza mabango na vijitabu vya Ukimwi katika barabara kuu ipitayo Kenya, wakazungumza na madereva wa malori, matingo wao na wanawake wa vituo vya barabarani, na matokeo yakachapishwa mwaka 1998. Fundisho lake ni kwamba watu wa barabarani hawakupungukiwa na vitisho. Walichohitaji zaidi ni kuaminishwa kwamba wanaweza kujikinga na kuonyeshwa jinsi ya kufanya hivyo.

Makambako ni ndugu wa vituo vile. Tangazo linalomwambia dereva kwamba atakufa halimwambii kituo cha kupima kiko wapi, kinafungwa saa ngapi, wala kwamba mtu anayetumia dawa sawasawa, mpaka virusi vikawa haviwezi kuonekana kwa kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya kujamiiana. Habari hii ya mwisho ni njema, imethibitishwa kwa tafiti kubwa, na ina faida kuliko vilio vyote vya redioni. Labda haitamtoa mtu jasho. Itamtoa nyumbani kwenda zahanati.

Tena hofu ina tabia ya kukimbia kuliko mwenye kuitoa. Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019, Njombe ilipata msiba wa mauaji ya watoto, na habari zake zikatisha taifa zima. Hatari ilikuwa ya kweli na wazazi walikuwa na haki ya kuogopa. Katika saa kama hizo mtangazaji akijali mtikisiko peke yake atapata wasikilizaji wengi. Akijali watoto atatangaza nani wa kupigiwa simu, watoto waongozane vipi kwenda shule, na lipi limethibitishwa na lipi ni uvumi. Sisi wa Visiwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa mbali. Mwaka 1995 uvumi wa popobawa ulianzia Pemba ukavuka hadi Unguja. Watu walikesha nje makundi makundi, na mtu mgonjwa wa akili akauawa na umati mjini kwa dhana tu. Lau viganja vya Visiwani vingepimwa usiku ule, mistari ingepanda kuliko ya Njombe. Chombo kisingejua kutofautisha hatari iliyopo na hatari iliyobuniwa.

SISI TULIPIMA NINI

Si kweli kwamba nchi hii haijawahi kupima nguvu ya redio. Mwaka 1973 ilifanyika Bara kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio kwa majuma 12, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kufanya kazi. Hapakuwa na vibati vya vidoleni. Tathmini ilitazama nyumba: je, choo kimechimbwa? Uwanja umesafishwa? Maji ya kunywa yanachemshwa? Choo hakidanganyi, wala hakibadiliki kwa baridi.

Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo wa Twende na Wakati, juu ya uzazi wa majira na Ukimwi. Mhusika wake mmoja mashuhuri aliitwa Mkwaju, naye alikuwa dereva wa lori mwenye wapenzi njiani, ambaye mwisho wake uliwafunza wengi. Watafiti walitumia hekima: kwa miaka miwili mchezo haukurushwa kupitia mtambo wa Dodoma, ili watu wa huko walinganishwe na watu wa sehemu zilizousikia. Kila mwaka waliuliza watu wanajua nini, wanazungumza nini na wenzi wao, wanafanya nini. Na wakaangalia pia madaftari ya zahanati kuona wangapi wapya wamekuja. Mwaka 1995 Dodoma nayo ikafunguliwa mchezo. Ulinganifu ule ulionyesha kwamba mchezo ulisaidia kubadili mwenendo wa watu, na nafasi kubwa katika kazi hiyo ilikuwa ya mazungumzo: mke na mume, rafiki na rafiki, kuzungumza habari za Mkwaju na Tunu kana kwamba ni jirani zao.

Tazama basi tofauti. Chombo cha ngozi hupima sekunde 3 za mtu mmoja aliyefungwa kitini. Vipimo vya mwaka 1973 na 1993 vilipima kile watu walichokifanya wakiwa huru, siku nyingi baada ya redio kunyamaza.

YANAYOPASA KUFANYWA

Hatusemi chombo kitupwe. Kina faida yake. Kinaweza kumwonyesha mtunzi wa mchezo ni dakika ipi wasikilizaji wamechoka na ni dakika ipi wameamka. Kinaweza kutusaidia kumjua mtoto anayeogopeshwa na picha ambazo wakubwa wanaziona za kawaida. Mtoto haelewi maswali marefu ya karatasi, na mtu mzima huona haya kusema kweli mbele ya mgeni mwenye kalamu. Visiwani tulikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, wakati Bara ilingoja hadi 1994. Watoto wetu wamekwisha kulelewa na picha kwa vizazi viwili, na ni halali kutaka kujua picha zimewafanya nini. Tunachosema ni kwamba kila chombo kiwekwe mahali pake.

Kwanza, utafiti wa namna hii usiingie mlango wa nyuma. Tume ya Sayansi na Teknolojia ipo, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ipo, na Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya. Anayefungwa kibati aelezwe kwa Kiswahili kinachoeleweka kitaandikwa nini, kitawekwa wapi, na kwamba ana ruhusa ya kukataa. Mtu aliyekubali kujibu maswali hajakubali kusomwa moyo.

Pili, maofisa watambue kwamba chombo hiki hakiko tena maabara peke yake. Tangu mwaka 2020 zimekuwapo saa za mkononi zinazouzwa dukani zenye kipimo cha ngozi ndani yake. Kampuni itakayojua ni tangazo lipi limemtikisa nani, saa ngapi, itakuwa na siri ambayo hata mkewe hana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetungwa; kazi iliyobaki ni kuielewa na kuisimamia, na watawala wetu wa mikoa na wilaya wasingoje mpaka malalamiko yaanze.

Tatu, anayeomba fedha za matangazo asiruhusiwe kuleta jasho kama ushahidi wa mafanikio. Na aletewe swali la mwaka 1973: choo kiko wapi? Kwa Njombe maana yake ni hii: wangapi wamekwenda kupima, wangapi wanaendelea na dawa, wangapi wamezungumza na wenzi wao.

Kulipopambazuka pale Makambako dereva alikwenda kukagua matairi. Utingo alibaki nyuma kidogo, akamlipa mama wa mgahawa, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini kituo cha afya kiko upande gani na kama hufunguliwa mapema. Mama akamwonyesha kwa mkono, akasema: "Pita hapo kwenye kona, mwanangu, hutapotea." Sikujua anakwendea nini, na haikunihusu. Nilijua tu kwamba katika tangazo lote la usiku ule, kwa muziki wake na kilio chake, hapakuwa na neno moja lililomwambia kijana yule njia ambayo mama ntilie alimwonyesha bure.